Miguu mirefu ya pikapu za jangwani: jinsi inavyopimwa na kurekebishwa

Kila Januari, mbio za Dakar zinapopita nchi jirani ya Saudi Arabia, picha za pikapu inayoruka tuta la mchanga na kutua kana kwamba imeangukia godoro huzagaa katika simu za watu. Wiki chache baadaye mafundi hupokea wateja wanaotaka magari yao "yainuliwe" yawe kama yale. Hapo ndipo kosa huanzia. Kuinua gari na kurefusha mwendo wa magurudumu yake ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumewagharimu watu fedha nyingi, na wengine uti wa mgongo.

Mwendo wa gurudumu ni umbali ambao gurudumu linaweza kusafiri kutoka mahali linaponing'inia kabisa, kama gari likiwa hewani, hadi mahali linapogonga mwisho wake wa juu chini ya bodi. Gari linaweza kuinuliwa sentimita 10 kwa kuwekewa vipande vya chuma juu ya springi bila kuongezewa hata sentimita moja ya mwendo huo. Litaonekana refu, litapinduka kwa urahisi zaidi, na litaendelea kugonga kama zamani.

Ufundi huu haukuzaliwa Bara Arabu. Ulikulia katika majangwa ya California na rasi ya Baja nchini Mexico, ambako mbio ndefu za kwanza za kutoka kaskazini mwa rasi hiyo hadi La Paz zilifanyika mwaka 1967. Mwaka 1994 likaanzishwa rasmi daraja la pikapu zinazoitwa Trophy Truck. Katika magari hayo magurudumu ya mbele husafiri takriban sentimita 60 na ya nyuma zaidi ya sentimita 70, kiasi kwamba mtu anaweza kuliona gurudumu likipanda hadi karibu na dirisha ilhali dereva ametulia kitini. Dakar ina sheria kali zaidi. Hadi 2021 pikapu zenye magurudumu manne ya kusukuma ziliruhusiwa sentimita 28 tu. Kuanzia 2022 daraja jipya la T1+ liliruhusu sentimita 35, matairi ya inchi 37 badala ya 32, na upana wa mita 2.3. Hilux iliyomletea Nasser Al-Attiyah wa Qatar ushindi wa 2022 na 2023 ilijengwa chini ya sheria hizo, tena nchini Afrika Kusini.

Sentimita saba zinaleta tofauti gani? Hesabu yake si ngumu. Gari likianguka kutoka kimo cha mita moja na kusimamishwa ndani ya sentimita 28, nguvu ya wastani ya kulisimamisha inakuwa takriban mara nne na nusu ya uzito wake. Likisimamishwa ndani ya sentimita 35, nguvu hiyo inashuka hadi chini kidogo ya mara nne. Lakini huo ni wastani, na mgongo wa binadamu hauumizwi na wastani. Unaumizwa na kilele, yaani ile sekunde ndogo ambapo mwendo umekwisha na chuma kimekutana na chuma. Katika hatua ya 6 ya Dakar ya 2023, magari mawili ya Audi, la Stéphane Peterhansel na la Carlos Sainz, yalipata ajali mahali pamoja kwenye matuta, na Edouard Boulanger, msaidizi wa Peterhansel, akaondolewa kwa helikopta akiwa ameumia uti wa mgongo. Hao walikuwa watu waliofungwa mikanda ya mashindano, ndani ya magari yaliyotengenezwa na wahandisi mabingwa. Msomaji anayempakia mwanawe kiti cha nyuma siku ya Ijumaa kwenda matutani afikirie hilo kabla ya kukanyaga mafuta.

Tukija kwenye urekebishaji wenyewe, fundi mwenye akili huanza na springi, si na shokomzoba. (Katika chumba cha habari tulijaribu maneno kadhaa ya kitaalamu kwa kifaa hiki, yote yakachekesha, mafundi husema shokomzoba au shokapu, nasi tunawafuata.) Kazi ya springi ni kubeba uzito na kuliweka gari katika kimo chake. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba gari likisimama na mzigo wake wa kawaida, takriban theluthi moja ya mwendo wa gurudumu ibaki chini, ili gurudumu liweze kushuka na kufuata shimo, na theluthi mbili zibaki juu kwa ajili ya kupokea kishindo. Katika gari la sentimita 35, hiyo ni kama 12 za kushuka na 23 za kupanda. Anayeinua gari mpaka lisimame karibu na mwisho wa chini anakuwa ameiondoa ile theluthi. Gurudumu lake halishuki tena shimoni; gari zima ndilo linaloshuka.

Springi za koili zenye pete ya kukazia juu yake huwadanganya watu wengi. Pete ikikazwa gari hupanda, na mwenye gari huamini kwamba springi imekuwa ngumu zaidi. Haijawa. Springi ya kawaida ina ugumu uleule; kilichobadilika ni kimo tu. Akitaka ugumu mwingine, anunue springi nyingine. Na hapa kuna jambo la pili lisiloonekana kwa macho: springi haikai juu ya gurudumu, inakaa ndani zaidi kwenye mkono unaolishika. Ikiwa gurudumu likipanda sentimita 10 springi hubonyea sentimita 6, basi ugumu unaofika kwenye gurudumu si asilimia 60 ya ugumu wa springi bali asilimia 36, kwa sababu uwiano huo hujizidisha wenyewe. Ndiyo maana springi iliyolifaa gari la rafiki yako inaweza kuliharibu lako, hata kama uzito ni uleule.

Shokomzoba haibebi gari. Kazi yake ni kuugeuza mtikisiko kuwa joto, kwa kuyalazimisha mafuta kupita kwenye matundu madogo na chini ya sahani nyembamba za chuma. Ina upinzani wa aina mbili: wa kubonyea, gurudumu linapopanda, na wa kurudi, linaposhuka. Ule wa kurudi ndio hukosewa zaidi. Ukiwa mdogo mno, springi hurusha mkia wa gari juu kama punda aliyechokozwa. Ukiwa mkubwa mno, tatizo hujificha: kwenye matuta mafupi yanayofuatana gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya tuta lijalo, gari linazama kidogo kwa kila tuta, na baada ya matuta sita au saba halina mwendo tena. Dereva husema springi ni laini, ananunua ngumu, na hali inazidi kuwa mbaya.

Shokomzoba za bei ya juu zina mabomba ya kando ambayo mafuta hupitia pale pistoni inapokuwa katikati ya mwendo, kisha njia hiyo hufungwa kadiri pistoni inavyokaribia mwisho. Matokeo yake ni gari laini barabarani na gumu linapotua. Pia zina chupa ya pembeni yenye gesi ya nitrojeni, inayoyazuia mafuta yasifanye povu. Mafuta yakitokota, upinzani hupotea palepale. Ukiigusa shokomzoba baada ya nusu saa ya matuta ikakuunguza, ujue imefanya kazi. Gari likianza kuyumba, ipumzishe.

Mwisho wa juu wa mwendo huwekewa mpira au silinda ndogo ya kupokea kishindo cha mwisho. Mwisho wa chini huwekewa mkanda imara wa kitambaa unaolizuia gurudumu kabla shokomzoba haijavutwa hadi kikomo chake. Mkanda huo una bei ndogo kuliko chochote kilichotajwa hapa, nao ndio watu huusahau.

Kupima kunahitaji kifungio cha plastiki kilichokazwa kwenye fimbo ya shokomzoba, kipande kimoja cha barabara kinachorudiwa, na daftari. Kifungio husukumwa na kuachwa mahali ambapo mwendo uliishia. Kikibaki mbali na mwisho baada ya njia ngumu, gari ni gumu kupita kiasi na mwendo ulionunuliwa hautumiki. Kikigonga mwisho kila mara, upinzani wa kubonyea ni mdogo. Badili kitu kimoja tu kila safari, mbele kwanza au nyuma kwanza, na upepo wa matairi usibadilike kati ya majaribio, kwa sababu tairi lililoshushwa hadi karibu ba 1 kwa ajili ya mchanga nalo ni springi.

Kwa pikapu ya kazi kuna ugumu wa ziada. Springi zake za nyuma za mabapa zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, hivyo ikiwa tupu hurukaruka. Ford iliziacha kabisa springi hizo nyuma ya F-150 Raptor ya 2021 na kuweka koili, ikafikisha takriban sentimita 38 za mwendo, zaidi ya zinazoruhusiwa Dakar. Hilo halikuifanya iwe gari la Dakar. Aliyebaki na mabapa achague mzigo atakaorekebishia: tupu, au na tangi la maji na mahema. Gari haliwezi kuwa sawa kwa yote mawili. Kabla ya kuondoka gereji, gurudumu lishushwe hadi mwisho na kukaguliwa kama bomba la breki linafika bila kuvutika na kama shafti haijakunjwa kupita pembe yake. Bomba la breki lililopungua sentimita mbili halionekani gari likiwa limesimama sakafuni. Huonekana gurudumu likiwa hewani.