Jina la Mwanza Katika Majalada ya Serikali

Mtu atafutaye habari za kale za Mwanza katika majalada ya Kijerumani yaliyohifadhiwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, akatafuta kwa neno "Mwanza", aweza kurudi mikono mitupu na kudhani kwamba hapakuandikwa kitu. Kumbe yaliandikwa mengi. Tangu walipoweka kituo chao hapo mwaka 1892 hata mji ukatwaliwa na Waingereza mwezi Julai 1916, Wajerumani waliandika Muansa. Usukuma waliuandika Ussukuma, kwa s mbili, kwani s moja baina ya irabu katika lugha yao husomwa z. Shauri likawa Schauri. Na Ziwa lenyewe, ambalo Speke alilipa jina la malkia wake mwaka 1858, likaitwa Viktoria-Njansa; nalo neno nyanza maana yake ni ziwa, hivyo asemaye "Ziwa Nyanza" asema ziwa mara mbili.

Majalada hayo hayakukosa mwongozo. Eckhart Franz na Peter Geissler, wataalamu wa chuo cha nyaraka cha Marburg, waliyapanga, na orodha yao ikachapwa mwaka 1973. Ni kazi ya kustahiwa sana. Walakini imeandikwa kwa Kijerumani, na msomaji wetu asiyejua lugha hiyo husimama mlangoni akiwa na ufunguo asioweza kuutumia.

Tahajia ni shida ndogo, kwa kuwa yafuata kanuni, na ajuaye kanuni huweza kukisia. Shida kubwa ni majina ya vyeo. Mtawala wa Kisukuma aliitwa ntemi, na wengi wao batemi. Kwa Kiswahili twasema mtemi na watemi. Wajerumani walimwita Sultan, neno lililotoka pwani ambalo halikumfaa, kwani ntemi alikuwa mtu wa matambiko na wa mvua kama alivyokuwa mtu wa hukumu. Waingereza wakamwita chifu, wakamweka pamoja na wenziwe katika shirikisho lililokuwa na makao yake Malya. Cheo hicho kilifutwa na sheria mwaka 1963. Basi mtu mmoja, katika nyumba moja, aweza kuwa katika majalada ya namna tatu chini ya maneno manne, wala hakuna karatasi iambiayo nyingine kwamba ni yeye yule.

Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali, alilitambua jambo hili. Kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya ibada za kumtawaza mtawala alikipa jina la Kisukuma, *The Ntemi*. Na mwaka 1953 akatoa kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma. Karatasi zake zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa maoni yangu thamani yake kubwa kwa mwanaisimu ni kwamba maneno ya wenyeji mara nyingi yamebaki kando ya tafsiri, na hivyo zaweza kutumika kufasiria majalada mengine.

Lililotakikana, na lingali latakikana, ni jedwali la majina: Muansa, tazama Mwanza, Sultan, tazama mtemi. Zamani jedwali hilo lilikuwa kichwani mwa karani wa masjala. Katika ofisi moja ya kando ya Ziwa niliambiwa kwamba jalada nililolitaka halipo; mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu akauliza ni la miaka gani, akaingia ndani, akalitoa. Hakuacha maandishi yoyote ya namna alivyojua. Orodha za kompyuta hazitatui jambo hili zenyewe, maana kompyuta hutafuta herufi ilizopewa.

Wala shida hii si ya Wajerumani tu. Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza mpaka ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na atakayetafuta habari zake za mkoa za miaka ya 1980 hana budi aanze kwa kuuliza jalada la Mwanza.