Msitu Hauwezi Kulindwa Bila Watu Wake



Tunapowataja wanyama wa misitu yetu, mara nyingi tunasema kana kwamba si wetu. Gorila ni wa watalii, okapi ni wa serikali, nasi tumebaki kuwa watazamaji. Katika miaka yetu ya kufundisha tumekutana na watoto wengi wanaoweza kuchora simba na twiga, lakini wasiojua kwamba leo okapi haishi porini katika nchi nyingine yoyote ila Kongo. Kosa hilo si la watoto. Tusiwalaumu kabla ya kuchungua historia iliyotufikisha hapa.

Wataalamu wa Ulaya walimpa okapi jina la kisayansi mwaka 1901. Wambuti wa Ituri walikuwa wakimjua tangu kale, njia zake, chakula chake na woga wake, na habari za kwanza zilizowafikia wageni zilitoka kwao. Hata hivyo, ulinzi wa wanyama ulipoanza kuandikwa katika sheria, wenye ujuzi huo hawakuulizwa. Tarehe 21 Aprili 1925, mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alitia sahihi amri ya kuanzisha mbuga iliyopewa jina lake, ambayo leo tunaiita Virunga. Shabaha ilikuwa njema, kuwaokoa gorila wa milimani wasiangamizwe na wawindaji. Lakini amri ilitoka mbali, na mwenyeji aliyelala kando ya msitu wake aliamka akiitwa mvamizi.

Baada ya uhuru njia hiyo haikuachwa. Katika Kivu ya Kusini, hifadhi iliyokuwapo tangu mwaka 1937 iligeuzwa mwaka 1970 kuwa Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega, yenye hekta 60,000. Mwaka 1975 mipaka yake ilipanuliwa hadi kufikia hekta 600,000 hivi, na vijiji vikajikuta ndani ya mbuga bila wakaaji wake kushauriwa. Batwa, waliokuwa wakiishi humo kwa kuwinda na kuokota matunda, asali na dawa, waliondolewa bila ardhi nyingine na bila fidia ya haki. Walihamia pembezoni mwa mashamba ya wengine, wakawa vibarua na maskini.

Je, wanyama walinufaika na ukimya huo wa watu? Vita vya miaka ya 1990 vilitoa jibu. Katika sehemu ya milimani ya Kahuzi-Biega, gorila waliohesabiwa mwaka 1990 walikuwa karibu 250. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wamebaki karibu 130. Bunduki zilikuwa nyingi, njaa ilikuwa kali, na wachimbaji wa koltani waliingia msituni wakila nyama ya pori. Walinzi walikuwapo, na baadhi yao walikufa kazini, tunawaheshimu. Lakini mlinzi mmoja hawezi kuzuia mlima mzima ikiwa jirani zake hawaoni sababu ya kumsaidia. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliochora mipaka hawakukilalia kitanda hicho.

Katika miaka hiyo hiyo ya giza, wenyeji wenyewe walianza kufungua njia nyingine. Mwaka 1992, John Kahekwa, aliyekuwa akiwaongoza wageni kwenda kuwaona gorila wa Kahuzi-Biega, alianzisha shirika aliloliita Pole Pole. Waliokuwa majangili walifundishwa kuchonga vinyago, watoto wakajengewa shule, na miti ikapandwa vijijini ili kuni zipatikane nje ya mbuga. Mwaka 1998, huko Lubero katika Kivu ya Kaskazini, machifu wa Batangi na Bamate walikubaliana kutenga sehemu ya ardhi ya mababu zao kwa ajili ya gorila. Ndivyo ilivyozaliwa hifadhi ya Tayna, ambayo serikali iliitambua rasmi mwaka 2006. Hapa mpango ulianzia barazani, na mpaka ulitoka kinywani mwa wenye ardhi. Tayna nayo haikuepuka vikundi vya silaha wala upungufu wa fedha. Kukubaliana hakuondoi taabu, ila taabu inapofika, watu hulinda kile walichokichagua.

Sheria nazo zimeanza kufuata. Amri ya Agosti 2014 iliziruhusu jumuiya kupata misitu yao hadi hekta 50,000, na sheria ya Julai 2022 ilitambua haki za Wambilikimo, wakaaji wa asili. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, kwamba haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa walipofukuzwa. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kurudi msituni kwa nguvu tangu Oktoba 2018. Damu ilimwagika, na miti mingi ikakatwa kuwa makala. Tazameni jinsi dhuluma isiyotengenezwa inavyoumiza pande zote mbili: mtu na mnyama.

Basi tufanye nini? Hatuandiki sheria, lakini tuna sauti barazani, darasani na sokoni. Barazani, tudai kwamba mpango wowote wa hifadhi usomwe kwa lugha ya wenyeji kabla haujatiwa sahihi, na kwamba Batwa wakae mbele, si mlangoni. Darasani, tuwaite wazee wafundishe majina ya wanyama na desturi zilizokataza kuwinda wenye mimba. Sokoni, tukatae kununua nyama ya mnyama anayelindwa, hata ikiuzwa kwa bei nafuu. Maana bila mnunuzi mtego hautegwi.

Mwaka 1925 hatukuulizwa. Leo, mahali pengi, tunaanza kuulizwa. Itakuwa aibu yetu wenyewe tukikosa jibu.