Ligombo na Kisa cha Mfalme

Mwaka 1975 mpiga kinanda wa Kiingereza Rick Wakeman, aliyekwisha kuiacha bendi ya Yes mwaka mmoja kabla, alitoa santuri kwa jina lake mwenyewe ikisimulia visa vya Mfalme Arthur na mashujaa wake. Zilikuwa zama za ile roki ndefu, ambayo wimbo mmoja uliweza kumaliza upande mzima wa santuri. Kisa kile kilitakiwa okestra, kwaya na msimulizi. Na kilipopelekwa jukwaani huko Wembley, waigizaji walichezea juu ya barafu. Waliocheka walikuwa na sababu. Hata hivyo haja iliyokuwamo ndani yake haikuwa ya kuchekwa: mtu mmoja alitaka kukibeba kisa cha mfalme kwa muziki, tangu mwanzo hadi mwisho.

Haja hiyo Wahehe wa Iringa waliitimiza kwa ubao. Ligombo ni kipande cha mti kilichochongwa bonde katikati mfano wa hori dogo. Uzi mmoja hupitishwa juu yake kwenda na kurudi hata ukawa nyuzi kadhaa, na kibuyu hufungwa ili kuipa sauti kifua. Mpigaji ndiye mwimbaji, na mwimbaji ndiye msimulizi. Huimba, akashuka akasema maneno matupu huku vidole vikiendelea na kazi yao, kisha akapanda tena.

Na kisa walikuwa nacho. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, watu wa Mtwa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki, waliliangamiza jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Mwaka 1894 Wajerumani walirudi wakaiteka ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akapigana porini karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliopanga upya mipaka ya dunia, ulitenga nafasi katika kifungu chake cha 246 kudai fuvu la mtu mmoja wa Uhehe. Kisa cha namna hii hakienei katika beti tatu.

Hugh Tracey alipoizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kunasa sauti, ligombo la Wahehe lilikuwa miongoni mwa aliyoyanasa. Ni bahati kubwa. Lakini upande mmoja wa santuri za gramafoni ulibeba dakika tatu na ushei, na hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha wimbo kwa watu wa kazi ile. Msimulizi wa ligombo alikuwa na kipimo kingine: subira ya wasikilizaji wake na urefu wa usiku.

Huko Mbeya msimulizi wa peke yake alizuka kwa sura nyingine. Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kwa jina la Mr. II na baadaye Sugu, alitoa albamu ya Ni Mimi mwaka 1995, wakati ambapo wazee wengi waliiona rap ya Kiswahili kuwa mchezo wa watoto. Mwaka 2010 Mbeya Mjini ilimpeleka bungeni, akakaa hadi 2020. Na katikati ya muda huo, mwaka 2018, alifungwa katika gereza la Ruanda, mjini humo humo, kwa maneno aliyoyasema jukwaani kumhusu Rais. Atakayesema kaseti na ligombo havina ujamaa hajatazama vyema. Anayesimulia peke yake hana kwaya ya kujificha nyuma yake.

Fuvu la Mkwawa lilirudi tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, na limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Mwaka huo huo Tracey alianzisha huko Roodepoort, Afrika Kusini, maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyozipokea sauti alizozikusanya. Leo maktaba hiyo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, na kijana wa Kalenga anayetaka kulisikia ligombo la mwaka 1950 kutoka katika rekodi yake ya asili hupeleka ombi lake huko.