Somapura: Makao ya kale ya watawa wa Kibudha yanayotafunwa na maji na chumvi

Magofu ya Somapura Mahavihara, yaliyoko Paharpur kaskazini-magharibi mwa Bangladesh, ni miongoni mwa makao makubwa zaidi ya watawa wa Kibudha yaliyowahi kujengwa kusini mwa milima ya Himalaya. Yamedumu kwa zaidi ya miaka 1,100, lakini uhifadhi wake ungali mgumu kwa sababu ya udongo uliotumika kuyajenga.

Makao hayo yalijengwa na Dharmapala, mfalme wa pili wa ukoo wa Pala, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9. Mihuri ya udongo iliyofukuliwa katika magofu hayo ina jina lake.

Kwa nini matofali?

Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, mwenye kujenga nyumba hupata mawe meusi ya volkano karibu naye. Bengal ni tofauti: ni tambarare iliyotandikwa matope ya mito, na mawe ni haba. Mafundi wa Dharmapala walichoma matofali na kuyaunganisha kwa udongo. Mawe yalitumika kwa uchache, hasa kwa sanamu na nguzo.

Ua wenye vyumba 177

Makao yote ni mraba wenye upande wa takriban mita 280. Ukuta wa nje, wenye unene wa karibu mita 5, ulikuwa pia ukuta wa nyuma wa vyumba vya watawa. Vyumba hivyo ni 177: 45 upande wa kaskazini na 44 katika kila upande kati ya pande tatu zilizobaki. Kila chumba kilifungukia ndani, kwenye baraza ndefu iliyozunguka ua.

Lango kuu lilikuwa kaskazini. Mpangilio huo uliwapa watawa faragha ya kutafakari na ulinzi dhidi ya wavamizi, huku kila aliyetoka chumbani akikabiliwa mara moja na hekalu lililosimama katikati ya ua. Jiko na ukumbi wa kulia chakula vilikuwa kusini-mashariki, pamoja na mfereji wa kutolea maji machafu.

Baadaye, katika vyumba 92 viliwekwa majukwaa yaliyopambwa. Wataalamu wa mambo ya kale wanaona hapo dalili kwamba vyumba vya kulala viligeuzwa kuwa vya ibada, na kwamba huenda idadi ya watawa ilikuwa imepungua.

Hekalu la msalaba

Hekalu la katikati lina umbo la msalaba, na lilipanda kwa matabaka matatu. Mabaki yake yana kimo cha zaidi ya mita 20. Waumini walilizunguka kwa miguu kwenye njia za kila tabaka, wakipita mbele ya vigae vya udongo wa kuchomwa vyenye picha za wanyama, wacheza ngoma, wakulima na miungu. Chini kabisa, kwenye msingi, kuna sanamu 63 za mawe, nyingi zikiwa za miungu ya Kihindu. Umbo hilo la hekalu liliathiri ujenzi wa mahekalu hadi Myanmar, Java na Kambodia.

Adui aliyebaki

Somapura ilichomwa moto katika karne ya 11, ikakarabatiwa, kisha ikaachwa hadi ikafunikwa na udongo na kuonekana kama kilima. Ufukuaji mkubwa ulianza mwaka 1923, na mwaka 1985 UNESCO iliitangaza kuwa Urithi wa Dunia.

Kuondolewa kwa udongo huo kuliyaacha matofali wazi. Maji ya mvua hutuama kwenye msingi, na chumvi hupanda ndani ya kuta na kuzimomonyoa pamoja na vigae. Wakazi wa bonde la mto Sebeya, walioona mafuriko ya Mei 2023 yakibomoa nyumba za udongo, hawahitaji maelezo marefu juu ya nguvu za maji.

Afrika Mashariki haina magofu ya Kibudha ya umri huo. Hekalu la Wabudha la Dar es Salaam lilianzishwa na wahamiaji kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na kituo cha Wabudha kilicho karibu na Entebbe, Uganda, mwaka 2005.