Picha ya Mzee wa Vita: Kwa Nini Wakongwe wa Kagera Wanapozi na Koti, Sio Kombati

Kwenye sebule nyingi za Bukoba na Muleba kuna aina moja ya picha ambayo ukishaiona mara mbili huisahau. Mzee amekaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, viganja vimelala juu ya magoti. Kavaa kanzu na koti, mkongojo uko pembeni. Au kavaa suti ya zamani ambayo mabega yake yameshamzidi. Kifuani, upande wa kushoto, kuna medali. Hacheki. Anaitazama kamera kama vile kamera ndiyo inayotakiwa kujieleza.

Swali la kwanza la kijana yeyote: kama babu alikuwa mwanajeshi, mbona hajavaa kombati?

Kwa sababu si yake. Sare ni mali ya jeshi, na raia akiivaa bila kibali ni kosa. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wote wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe, na ghafla suruali za mabaka mjini zikawa adimu. Sheria hiyo haimwangalii usoni mtu aliyevuka Mto Kagera na bunduki begani. Akishaacha kazi, kinachobaki mikononi mwake ni medali, kama alipewa, na mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo anaingia studio na koti. Na ukweli usemwe, koti linapiga kali kuliko kombati, maana kombati inaonyesha jeshi, koti linamwonyesha mtu.

Sasa twende nyuma kidogo, maana bila stori yenyewe picha inabaki picha tu.

Oktoba 18, 1978 ndege za kivita za Idi Amin ziliishambulia Bukoba. Madhara yalikuwa madogo, lakini vioo vya madirisha vilivunjika na mji ukapagawa. Mwisho wa mwezi huo majeshi ya Uganda yaliingia kwa miguu na vifaru, yakachukua eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni la kwake. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Ng'ombe waliswagwa kwenda Uganda, nyumba zikaporwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbilia kusini. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alihutubia taifa, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo hata waliozaliwa 2005 wanaifahamu.

Kinachosahaulika ni nani hasa alikwenda kupigana. Jeshi la Tanzania wakati huo halikufika watu 40,000. Ndani ya miezi michache waliokuwa chini ya silaha walipita 150,000. Wametoka wapi? Polisi, Magereza, JKT, na mgambo wapatao 40,000. Mgambo yaani mkulima, mvuvi, karani wa chama cha ushirika, mwalimu wa shule ya msingi. Walipewa mafunzo ya haraka, wakapanda malori, wakaenda. Masaka ilianguka Februari 1979, Lukaya ikapiganiwa Machi, Kampala ikaingiwa Aprili 11. Juni wakawa wamefika mpaka wa Sudan. Halafu wengi wao wakarudi migombani. Mwaka huohuo mkoa wao, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera.

Hapo ndipo picha inapokuwa na kazi kubwa kuliko urembo wa ukutani.

Majenerali wana picha, hilo halina mjadala. David Musuguri, yule aliyebatizwa jina la Jenerali Mutukula, aliingia jeshi la mkoloni, KAR, mwaka 1942, akapelekwa Madagascar, akaongoza divisheni kwenye vita vya Kagera, akawa Mkuu wa Majeshi, na akafariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Uso wake unajulikana. Lakini mgambo aliyekuwa kwenye foleni ya nyuma kabisa, aliyebeba masanduku ya risasi kupanda kilima, nani alimpiga picha? Mwaka 1978 kamera haikuwa kitu cha kila mtu, na vitani si mahali pa kutoa mkanda mfukoni. Wengi walipigwa picha moja ya kitambulisho, ndogo kama stempu, na nyingine ya harusi. Basi.

Halafu kuna kichekesho kichungu. Mwaka 2015, kwenye kabati la shirika la utangazaji la Uganda, zilikutwa negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali ya Amin. Mwaka 2019 zikafanyiwa maonyesho kwenye jumba la makumbusho Kampala. Amin akicheza akodiani, Amin akiendesha gari, Amin na wageni. Aliyeshindwa vita ana kabati zima. Aliyemtoa ikulu anatafutiwa picha moja nzuri ya kuweka juu ya jeneza.

Na hili la jeneza si utani. Watu wa Kagera wanajua kinachotokea mzee akifariki ghafla. Simu zinapigwa usiku, mjukuu mwenye kompyuta anatafutwa, na picha inakatwa kutoka kwenye kundi la harusi, bega la shangazi likiwa bado linaonekana pembeni. Au inachukuliwa ile ya kitambulisho cha NIDA, ambayo kila Mtanzania anajua inavyomtendea binadamu. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Mutukula mpaka Kampala anaagwa na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Ndiyo maana familia nyingi siku hizi zinamleta mzee mjini mapema, akiwa hai, ananyolewa, anapigwa pasi, anakaa kitini.

Kumpiga picha mzee wa namna hii si sawa na kumpiga dada anayetaka picha ya besdei. Kwanza hasikii vizuri, hasa kama alikuwa karibu na mizinga, kwa hiyo kumpigia kelele "tata, tazama huku!" kutoka mbali ni kumvunjia heshima bure. Fundi anayejua kazi anasogea, anaongea polepole karibu na sikio, anaonyesha kwa mkono. Kiti kiwe na mgongo na kisiwe kirefu, miguu ikining'inia mzee anaonekana mtoto. Mwanga mkali usoni hapana, macho yenye mtoto wa jicho yanaumia na yanatoka meupe. Mwanga wa dirishani, kutoka ubavuni, unatosha na unaipa mikunjo ya uso haki yake. Mikono ikitetemeka, mpe mkongojo aushike.

Na usifute mikunjo. Programu za simu zinaweza kumrudisha mzee miaka thelathini kwa sekunde moja, ngozi ikawa laini kama ya matangazo ya sabuni. Picha ya hivyo ni ya mtu mwingine. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa 1958. Miaka hiyo yote ipo usoni na ameilipia.

Kuhusu kutocheka: wapiga picha wapya hulazimisha tabasamu. Waache. Pozi hilo lina shule yake, ni lile la studio za zamani, ambapo mtu alilipia picha moja na hakuwa na nafasi ya kurudia. Ukiongeza gwaride juu yake, unapata mtu anayejua kukaa bila kutikisika mpaka aambiwe "legeza".

Suala la ushahidi ni la zamani kuliko vita vya Kagera. Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu Mwanza, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari Waafrika waliowapigania Wajerumani kwenye Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo Bukoba yenyewe ilivionja Juni 1915 Waingereza walipoivamia kutoka ziwani. Wazee walifika, wengi hawana karatasi yoyote. Inasemekana mlipaji alimpa kila mmoja ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Mwili ukakumbuka. Nusu karne baadaye, ufagio ukawa hati ya utumishi.

Mgambo wa 1978 hajaulizwa ufagio. Lakini kati yao wapo ambao karatasi zao zilipotea, zililiwa na mchwa, au hazikuandikwa kabisa. Septemba 10, 2016 tetemeko lilipiga Bukoba na vitongoji vyake, nyumba zikaanguka kwa maelfu. Picha ya ukutani inategemea ukuta.

Wale ambao hawakurudi wapo Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa ndani ya kambi ya jeshi. Mistari imenyooka, makaburi yanafanana, majina yapo, nyuso hazipo. Mwaka 2014 maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa, Julai 25, yalifanyika hapo. Kwenye maadhimisho hayo Rais huweka mkuki na ngao, na mwakilishi wa wazee waliopigana huweka shoka. Ukiangalia picha za siku hiyo, yoyote ile na mwaka wowote, kamera zote ziko kwa Rais. Mzee wa shoka hukamatwa kwa sekunde mbili, mara nyingi kwa mgongo.

Ndiyo maana picha ya studio ni tofauti. Humo ndani hakuna Rais, hakuna bendi, na kamera ni ya mzee peke yake. Fundi akimaliza, familia huagiza nakala mbili. Moja kubwa, ya fremu, inakwenda sebuleni. Ya pili, ndogo, inaandikwa jina na mwaka nyuma kwa kalamu ya wino, kisha inaingia kwenye bahasha ya kaki, ileile yenye hati ya kihamba na medali ikiwa imeviringishwa kwenye leso.