Mbegu Iliyojificha: Habari ya Urithi na Ualbino Katika Nchi Yetu

Mfugaji wa Bariadi aweza kuona ng'ombe wake mweusi, aliyepandwa na fahali mweusi, akizaa ndama mwekundu. Hamfukuzi zizini. Husema tu, "Huyu amerudia rangi ya bibi yake," akaendelea kukamua. Lakini mama mweusi azaapo mtoto mweupe mwenye nywele za manjano, watu wale wale husahau elimu ya zizi. Huulizana: Je, amezini? Amelaaniwa? Amezaa mzimu? Mara nyingi mama ndiye ashtakiwaye peke yake, na yuko mume ambaye humwacha kwa sababu hiyo. Sisi tulio waalimu twajua kwamba shtaka hilo ni la uongo, tena yatupasa kuonyesha ni kwa nini.

Habari hii yaanzia mbali, katika mji wa Brno, ulio leo katika nchi ya Cheki. Huko alikaa mtawa jina lake Gregor Mendel. Toka mwaka 1856 hata 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akizihesabu kwa uangalifu. Alichanganya njegere za maua ya zambarau na njegere za maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kilitoa maua ya zambarau. Mtu wa haraka angesema kwamba weupe umekufa. Mendel hakufanya haraka. Aliiacha mimea hiyo ijizalie yenyewe, na katika kizazi cha pili akahesabu mimea 705 ya zambarau na 224 ya maua meupe, yaani kama mitatu kwa mmoja. Basi weupe haukufa, ulijificha tu. Maandiko yake yalipigwa chapa mwaka 1866, na watu wachache waliyajali. Alikufa mwaka 1884, na elimu yake ikafufuliwa mwaka 1900. Mwaka 1908 Archibald Garrod, tabibu wa London, alieleza mbele ya matabibu wenzake kwamba ualbino nao ni jambo la urithi.

Sheria yenyewe ni hii. Kwa kila sifa ya namna hii mtu hupokea chembe mbili za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni: moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Jeni moja nzima yatosha kuipa ngozi rangi yake. Kwa hiyo mwenye moja nzima na moja iliyoharibika ni mweusi kama wenzake, wala hajui alichobeba. Wachukuzi wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Wala asidhani mtu kwamba akiisha kupata mmoja, watatu wafuatao wamesalimika. Hesabu huanza upya kila mimba. Tena angalieni: mtoto huyo hawezi kuzaliwa hivyo pasipo kupokea jeni ya baba yake. Mume amfukuzaye mkewe kwa ajili hiyo akimbia mbegu aliyoipanda mwenyewe.

Je, mbegu hii ni ngeni? La, ni ya kale. Mwaka 1994 wataalamu waligundua kwamba, katika aina ya ualbino iliyo nyingi kwa Waafrika, kipande kile kile cha jeni moja kimekatika. Wakakiona kwa watu wa nchi nyingi za Kibantu, na kwa Wamarekani weusi pia. Yaonyesha kwamba wote walikipokea kwa mzee mmoja wa zamani sana. Katika Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika 1,400 ana ualbino. Tukifuata hesabu ya Mendel, karibu mtu mmoja katika kila 19 ni mchukuzi. Basi katika darasa la watoto 40 yaelekea wawili wanaibeba mbegu hii, nao hawajijui. Nani basi atamcheka mwenzake?

Ujinga huu umetugharimu damu. Tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliwindwa katika mikoa ya Ziwa, kwa kuwa waganga waongo walisema viungo vyao huleta utajiri. Bariadi ilikuwa ingali katika Mkoa wa Shinyanga; Simiyu ikawa mkoa mwaka 2012. Mwezi wa Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa kienyeji, na mwaka huo huo Mahakama Kuu, ilipokaa Kahama na Shinyanga, iliwahukumu wauaji. Lakini hakimu huja baada ya kaburi. Neno linalomtenga mtoto husemwa mapema zaidi, siku ya kuzaliwa kwake, mlangoni pa nyumba.

Kwa hiyo, ndugu waalimu, tufundishe njegere za Mendel pamoja na ng'ombe wa zizini, ili mtoto ayaelewe kabla hajawa baba au mama. Tumweke mbele darasani mwenye ualbino, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali. Tumvike kofia pana na mikono mirefu, maana jua humwunguza hata kumletea saratani. Na aulizapo mtu, "Mtoto huyu ametoka wapi?" tumjibu pasipo kusita: Ametoka kwa baba yake na kwa mama yake, kama wewe.