Celeron 300A: chipu ya bei nafuu iliyowafunza watu kununua kompyuta

Vijana wanaopenda gemu huniuliza swali moja karibu kila wiki: "Kaka, nina pesa kidogo, ninunue prosesa gani?" Kabla ya kuwajibu huwa nawarudisha mwaka 1998. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, lakini kisa chenyewe hakijazeeka.

Tarehe 24 Agosti 1998 Intel ilitoa prosesa kadhaa. Mbili ndizo zinazotuhusu. Ya kwanza ni Pentium II ya megahezi 450, kwa dola 669. Ya pili ni Celeron 300A ya megahezi 300, kwa dola 149. Hizo ni bei za jumla, kwa mnunuzi wa chipu 1,000. Ukisoma lebo tu, utasema moja ni ya tajiri na nyingine ni ya mlalahoi.

Jina la Celeron lilikuwa tayari limeharibika. Ile ya kwanza, ya Aprili 1998, ilitolewa bila kashe ya ngazi ya pili, yaani ile kumbukumbu ndogo ambayo prosesa huweka vitu inavyovihitaji mara kwa mara. Ilikuwa nzito, watu wakaicheka. Nao AMD walikuwa wakiwabana Intel katika soko la kompyuta za bei nafuu kwa K6-2. Intel ikajibu kwa kuweka kashe ya kilobaiti 128 ndani ya chipu yenyewe. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, lakini nje ya chipu, zikienda kwa nusu ya kasi ya prosesa. Ile ya Celeron ilikwenda kwa kasi kamili. Ndogo, lakini nyepesi.

Sasa sikiliza hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Kasi ya prosesa hutokana na kuzidisha namba mbili: kasi ya njia inayoiunganisha na ubao mama, na kizidishi kilicho ndani ya chipu. Kizidishi cha 300A kilikuwa 4.5, nayo njia ilikuwa megahezi 66. Jibu ni 300. Intel ilikuwa imekifunga kizidishi, kwa sababu walaghai walikuwa wakifuta maandishi kwenye chipu za kasi ndogo, wanaandika namba kubwa, kisha wanaziuza ghali. Lakini njia yenyewe haikufungwa! Ubao mama wenye chipseti ya 440BX, kama vile Abit BH6, uliweza kuiendesha kwa megahezi 100. Zidisha kwa 4.5. Umepata 450.

Kwenye BH6 hukuhitaji hata kugusa waya, ulibadilisha namba kwenye menyu ya BIOS. Wenye ubao mama usio na menyu hiyo walifunika pini B21 kwa kipande cha utepe. Si kila chipu ilikubali, bahati ilihusika, na feni nzuri ilisaidia. Lakini nyingi zilikubali, na kwenye gemu kama Quake II zilikwenda karibu sawa na Pentium II ya dola 669.

Tofauti ya bei ni dola 520. Kwa pesa hizo ungenunua kadi ya Voodoo2, iliyouzwa kama dola 300, na chenji ingebaki. Hiyo ndiyo iliyobadilisha gemu machoni pa mchezaji, si ile namba ya prosesa.

Mlango huo haukubaki wazi. Mwaka 2011, kwa kizazi cha Sandy Bridge, Intel iliunganisha saa ya prosesa na ya sehemu nyingine za kompyuta, hivyo ukiipandisha sana kila kitu kinayumba. Aliyetaka kuongeza kasi alilazimika kununua chipu za herufi K, kwa bei ya juu. Mwaka 2014 walifungua dirisha dogo kwa Pentium G3258 ya dola 72, lakini ilikuwa na kiini mbili tu. Novemba mwaka huohuo Far Cry 4 ilitoka, nayo ikagoma kuanza kwenye prosesa za kiini mbili kama hiyo. Ujanja wa jana si lazima ufae leo.

Basi nawajibu hivi vijana wangu: usinunue lebo. Uliza kilichomo ndani na gemu lako linahitaji nini, kisha pesa nyingi ziende kwenye kadi ya grafiki. Hapa Nairobi kompyuta ya ofisi ya ex-UK yenye Core i5 inaweza kuwa mwanzo mzuri, lakini fungua kasha kwanza. Pima nafasi ya kadi, na usome wati za pawa saplai. Kadi kama GTX 1050 Ti ipo katika aina zisizohitaji waya wa ziada wa umeme.

Na walaghai wale hawajafa, wamehamia kwenye kadi. Huandika upya BIOS ya kadi kuukuu ili ijitambulishe kama mpya zaidi. Tangu mwaka 2018 programu ya bure ya GPU-Z hukuonya ikikuta kadi ghushi ya NVIDIA. Iweke kwenye flashi, uende nayo dukani, na uiendeshe kabla hujatoa hata shilingi. Muuzaji akikataa, jibu umeshalipata.

Haya, kazi kwenu.